Upinde Usiokuwepo Mwambani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Bwana Mkurugenzi, wageni wetu wa mjini na mliotoka mbali kama Dagoretti, Mama Salme na wanao, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mwalimu Shamsudin Athman, ambaye mwaka huu wa 1974 unatuachia meza yako: nawasalimu nyote kwa furaha.

Naitwa Wangeci. Miaka minane nimeketi na Mwalimu katika chumba cha michoro cha makumbusho haya, nikijifunza kunakili picha zilizochorwa mapangoni na watu wa kale. Nilidhani kazi hii ni kuchora. Siku yangu ya kwanza, kule Mlima Elgon, nilifungua kisanduku cha penseli, naye akakifunga. "Binti, tazama kwanza," akaniambia. Tukatazama mpaka adhuhuri, nami nimenuna, sikufichi Mwalimu. Baadaye nilielewa kwamba mwenye haraka hawezi kujua picha ipi imechorwa juu ya nyingine, wala wapi rangi imefifia na wapi jiwe lenyewe limemeguka. Na aliponiona nimemwongezea ng'ombe mguu wa nne, kwa kuwa kila ng'ombe ana minne, aliniuliza, "Umeuona?" Nikasema la. "Basi usimpe."

Sasa naomba mtazame kadi zenu za mwaliko. Ni nani hapa asiyemjua huyo mtu mwekundu mwenye upinde, aliyesimama kando ya ng'ombe? Ndiye mwindaji wetu. Mwalimu alimnakili katika safari ile ile ya 1966, na nakala yake kubwa ndiyo hiyo nyuma yangu. Wageni wangapi wamepigwa picha mbele yake?

Siku zile tulikuwa tukinyunyizia mwamba maji ili rangi ikolee. Wengi katika kazi hii walifanya hivyo, hata tulipojua kwamba maji yanaharibu picha tukaacha. Mwezi uliopita nilirudi pale, mwamba ukiwa mkavu, nikauchungulia kwa kioo cha kukuzia. Upinde haupo, ndugu zangu. Pale pana ufa tu. Mwaka ule maji yetu yaliingia ufani, ufa ukawa mweusi, nasi tukamkabidhi mtu wa watu silaha. Miaka minane tumemwita mwindaji, kumbe alikuwa amesimama na ng'ombe wake, basi.

Niliificha nakala yangu mpya kwenye droo wiki mbili. Niliogopa. Mtu anastaafu kwa heshima, kadi zimeshapelekwa kwa mchapaji, mimi ni nani nimharibie siku yake? Lakini kila nilipokaa mezani nilisikia lile swali, "Umeuona?" Mwishowe nikaichukua, nikaenda nayo nyumbani kwake Pangani.

Mkewe, Mama Salme, alileta kahawa, ikapoa. Mwalimu aliitazama ile karatasi muda mrefu, nami macho yangu yako sakafuni. Kisha akauliza, "Kadi zimeshachapishwa?"

"Zimeshachapishwa, Mwalimu. Pamoja na upinde."

"Ngapi?"

"Mia mbili."

Akacheka, Mama Salme ni shahidi. "Vizuri sana, mwanangu. Kila mtu atakuwa na nakala yake ya kusahihisha. Na atakayewaambia ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyetazama."

Nilimsihi anihurumie, asinipe hotuba hii. Hakukubali. Nilikwenda Pangani nikidhani namvunjia mtu jina, nikarudi nikijua kwa nini jina hilo linaheshimiwa. Nampenda mzee huyu, na sioni aibu kulisema mbele yenu.

Ndiyo maana mmekuta penseli kwenye viti. Katika kazi yetu hatufuti nakala ya zamani, maana anayekuja baadaye ana haki ya kujua tulikosea wapi. Tunaandika kando, na tunatia tarehe. Kwa hiyo naomba kila mmoja aandike kando ya upinde neno moja: ufa.

Bwana Mkurugenzi, kwa idhini yako, namwita Mwalimu Shamsudin aje aandike la kwanza kwenye nakala hii kubwa. Nami nitaandika jina langu chini ya lake, kwa kuwa mwaka ule aliyeshika ndoo ya maji nilikuwa mimi.

Kwa kunisikiliza kwa subira, nawaambia asanteni sana. Mwalimu, karibu. Penseli hii hapa, nimeichonga.