Ndizi Mbili za Lorna

Garini kutoka Marani, msichana aitwaye Lorna alimwambia mama Msabato aliyeketi kando yake kwamba anaenda Nairobi wikendi, kutazama michoro na kula kwenye mkahawa usiopika nyama. “Na mayai?” “Hata mayai hawapiki, mama.” “Bwana asifiwe! Unaenda na nani?” “Na mpenzi wangu, Maureen.”

Mama akakumbatia Biblia. “Mambo hayo hayajawahi kuonekana Kisii!”

Hayajaonekana! nikawaza nikiwa kiti cha nyuma yao. Nyanya yangu alioa mwanamke mwenzake, akatoa ng’ombe, na wazee wakala karamu wakashiba. Watu husahau wanachotaka kusahau.

“Utatuombea safari, mama?” “Nitawaombea muache.” “Tuombee tufike kwanza.” Mama akacheka kabla hajajizuia.

Gari liliposimama mjini Kisii, mama akishuka alimwachia Lorna ndizi mbili mbivu. “Moja ya huyo Maureen. Lakini bado nakataa.”