Fundi Rangi na Atichoki Zake

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mke wake. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, eti, ndimi niliyemtania kuliko wote. Nitajitahidi kuwa na adabu, ingawa yeye mwenyewe asingeniamini.

Marehemu, ambaye karibu sote tulimwita Fundi Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, mama yake alishona nguo. Walikuwa watoto wawili tu. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni, na leo ameketi hapa mbele yetu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kuimaliza 1965. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Siku moja alirudishwa nyumbani kwa kuupaka mlango wa darasa rangi ya kijani bila kuombwa na mtu. Mwalimu mkuu akaja jioni kulalamika kwa wazazi, na kabla ya kuondoka akauliza kama kijana anaweza kumalizia na madirisha.

Mwaka 1967 alianza kujifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, na tangu 1974 akajitegemea. Alipaka wodi, madarasa, maduka na nyumba za wengi wetu tulio hapa. Hakupiga mkono wa pili wa rangi kabla wa kwanza haujakauka, hata mwenye nyumba akasirike vipi. Mimi nilikasirika, naye akakaa kwenye ndoo yangu akanywa chai yangu, akisubiri ukuta wangu. Ukuta huo haujabanduka hadi leo, na ninamshukuru.

Mwaka 1983 alipaka jiko la hoteli moja, na mpishi mkuu akampa vichipukizi vitatu vya atichoki, vimefungwa kwenye gazeti lenye maji. Kwa wasioijua, atichoki ni tumba kubwa la ua lenye magamba na miiba, na huliwa kabla halijachanua. Fundi alivipanda, vikashika, na alipooa akahama navyo kama mtu anayehama na mifugo.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na dada yangu, aliyekuwa mjane mwenye binti wa miaka minane. Mtoto hakumtaka kabisa. Alimwita Fundi, kama wateja, akala mbiombio na kuondoka mezani huku mwenzake ndiyo kwanza ananawa mikono. Fundi mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na jambo hili lilimuuma sana. Aliniambia, “Shemeji, sina haraka ya kupendwa. Nataka tu asiondoke mezani.”

Mwaka uliofuata atichoki zilizaa. Mtu mwingine angezikata zikiwa bado zimefumba. Fundi wetu aliona rangi ya zambarau inachungulia, akashindwa kuigusa. Akasubiri hadi maua yakafunguka yote, akayasifia wiki nzima, ndipo akayapika. Tulitafuna kamba, jamani. Dada yangu alimeza kwa heshima ya ndoa. Mtoto akatema, akamtazama usoni, akauliza, “Fundi, hii umeipika au umeipaka?”

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mezani bila kuulizwa. Fundi alicheka hadi akatoka nje kujifuta machozi.

Baadaye alirudi kwa yule mpishi akafundishwa vizuri: kata tumba likiwa gumu, punguza ncha za miiba kwa mkasi, paka limao lisiwe jeusi, chemsha hadi gamba la nje ling’oke lenyewe. Unang’oa gamba moja moja, unachovya kwenye siagi, unakwangua nyama kwa meno. Ukifika kwenye manyoya ya katikati unayaondoa kwa kijiko, na chini yake ndipo penye utamu wote. Hakuna namna ya kukila chakula hicho mbiombio. Mtoto akajikuta amekaa. Siku ya kwanza alikaa kimya, siku nyingine akasimulia mambo ya shule, na mezani kukawa na mazungumzo yasiyokwisha. Dada yangu anasema alikuwa akiacha vyombo bila kuosha makusudi, asije akawainua.

Binti huyo alikua, akasoma, sasa ni mpima ardhi na mama wa watoto wawili. Hakuacha kumwita Fundi, naye hakumwomba jina jingine.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Mke na binti yake walimuuguza kwa zamu bila kuchoka, na tunawashukuru wauguzi waliomvumilia alipokuwa akizikosoa kuta za wodi. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 73, mkono wake ukiwa mikononi mwa mke wake.

Juzi mchana, sebuleni kwake, dada wa marehemu alilemewa na uchungu akasema, “Mdogo wangu ameondoka bila mtoto.” Binti alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe. Tangu utotoni amemwita mama huyu Bibi, kwa adabu tu. Akaliweka sinia chini, akasimama mbele ya benchi.

“Shangazi,” akasema, “sogea kidogo nikae.”

Dada wa marehemu akasogea, akamshika mkono, wakalia pamoja. Dada huyo mwenyewe ndiye aliyeniagiza nisome haya leo bila kupunguza kitu.

Marehemu ameacha mke, dada, mkwe, wajukuu wawili, shemeji mmoja asiye na wa kumtania tena, na mtoto wake.

Mungu ampokee, na mapumziko yake yawe ya amani.