Bendera ya Mzee Kasmiri

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Werema Gabriel, marehemu ni baba yangu mkubwa, na historia hii aliianza kwa mkono wake mwenyewe, nami nimeimalizia, akaagiza niisome mimi wala isipunguzwe.

Mzee Kasmiri Mugeta alizaliwa Suguti tarehe 9 Agosti 1951, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1967, akafunga ndoa na mama Flora mjini Bunda tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto watano. Alifanya kazi kiwandani Musoma kuanzia 1980, na alipopunguzwa kazini mwaka 1994 alihamia hapa Mugango kuvua.

Mwaka 2008 kamati ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ilimkabidhi bendera nyekundu, aipandishe kila taarifa ya upepo mkali inapotoka, ili wavuvi wasiingie ziwani. Machi 2011 aliipandisha mara mbili, ziwa likatulia tuli, wavuvi wakamsema sana kwamba bendera yake inalazaga watoto njaa. Tarehe 24 ilipokuja taarifa ya tatu aliona aibu, akaiacha bendera kabatini. Jioni mitumbwi miwili ilipinduka, wakafa watu wanne, mmoja wao mdogo wake Gabriel, baba yangu mzazi.

Tangu hapo alikusanya habari za majanga ya hali ya hewa duniani, akiandika kwenye daftari mwaka, mahali na idadi: kimbunga cha Ghuba ya Bengali, 1970, watu zaidi ya laki tatu, kimbunga Idai, 2019, zaidi ya elfu moja, na mstari wa mwisho, Mugango, watu wanne. Mimi na mama yangu mzazi tulimsamehe mapema, yeye hakukubali, na hilo linaniuma hadi leo. Bendera hakuiacha tena, hata jua likiwaka, hata alipotukanwa.

Alipata kiharusi tarehe 2 Mei 2025, akalazwa Musoma, akafariki tarehe 6 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 73.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wavuvi wenzake waliochimba kaburi. Leo asubuhi taarifa ya upepo imetoka, nimepandisha bendera mwenyewe kabla ya kuja hapa, hakuna aliyenisema, na mitumbwi yote iko nchi kavu.

Baba mkubwa, sasa kubali, upumzike kwa amani.