Sufuria ya Gundi Kituoni Jakobsberg

Benchi letu liko nje ya kituo cha treni cha Jakobsberg, upande wa mabasi, hatua kumi na nne kutoka kwa muuza maua. Nimezihesabu. Kila Jumapili saa saba mchana hukaa hapo watu watatu na chupa moja ya kahawa ya tangawizi. Mwenye chupa ni Mzee Yassir wa Tanga, aliyekuja kusomea mitambo kabla mimi sijazaliwa. Anaitwa Bwana Lebo, maana hanywi hata maji kabla hajasoma maandishi ya chupa. Wa pili ni Papa Édouard wa Uvira, anayefanya usafi uwanja wa ndege kule Märsta. Yeye ni Waziri, kwa sababu hakuna wizara asiyoijua. Wa tatu ni Akeyo wa Kisumu, dereva wa basi. Anaitwa Breki, kwani ni yeye peke yake anayeweza kumsimamisha Waziri. Mimi, Dativa, huwa nasikiliza tu. Lakini Jumapili hii ya Aprili, yenye jua la kutazama na si la kuota, nilikuja na sufuria niliyoifunga kwa taulo.

— Umetuletea chakula! — Waziri alisogea kunipisha. — Mungu ni mwema. Funua.

Nilifunua. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu kinachopitisha mwanga, kilichotetemeka kila basi lilipopita. Mwiko ulisimama katikati wenyewe. Nilikuwa nimeshindwa kuutoa.

— Hii ni nini? — aliuliza Akeyo.

— Ugali.

— Wacha! Ugali wa nani?

— Wa mama yangu. Anatua leo saa kumi na moja na dakika arobaini.

Mzee Yassir alivaa miwani.

— Lebo iko wapi?

Nilimpa paketi. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye mfuko, pamoja na karatasi ya vipimo: unga gramu mia nne, maji lita moja.

— Unga wa viazi! Binti yangu, nani alikutuma?

Nilimtazama Waziri. Waziri alitazama ratiba ya mabasi.

Jumapili iliyopita nilikuja hapa nikilia kwamba dukani unga wa muhogo umekwisha na haijulikani mwingine utafika lini. Mama ni mtu wa Ukerewe. Ugali kwake ni ule wa udaga, muhogo uliovundikwa, mengine yote anayaita uji uliokosa adabu. Ndipo Waziri aliponipa ushauri.

— Bon, mimi nilisema nini? — alijitetea sasa. — Muhogo ni mzizi. Kiazi ni mzizi. Beko bandugu, ni ndugu kabisa. Kosa haiko kwa mzizi, iko kwa mpishi.

— Kiazi mviringo si mzizi — nilisema. — Ni shina. Nimesoma leo asubuhi.

— Leo asubuhi! Ungesoma jana.

— Mwacheni mtoto — alisema Mzee Yassir. — Kosa ni la maji. Maji ya huku yanachujwa mpaka yanasahau kwao. Unga utashikanaje na maji yasiyo na ladha? Ndiyo maana wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Mzee, hapo methali imeingiaje?

— Imeingia kwa sababu kuna maji.

— Hapana, hapana — alisema Waziri. — Ni jiko. Jiko la kioo, moto hauonekani. Unga unatafuta moto, hauoni, unaogopa. Kitu ikiogopa inafanya nini? Inajikunja.

— Nyinyi wote hamjui — Akeyo aliweka kikombe chini. — Kiazi cha huku kimekaa gizani miezi sita. Baridi yote kimelala. Wewe unakiamsha ghafla na maji ya moto. Si lazima kitetemeke?

Basi lilipita. Kikatetemeka. Akeyo alinyoosha mkono kama wakili aliyemaliza kesi.

— Subirini — Mzee Yassir alikuwa bado kwenye lebo. — Hapa imeandikwa ni wa kufanya rojo ya matunda iwe nzito. Kijiko kimoja cha unga kinatosha lita nzima. Dativa, wewe umetia vijiko vingapi?

— Kama arobaini.

— Arobaini! Basi hapa pana sufuria arobaini ndani ya moja.

— Donc, ni utajiri! — Waziri alisimama. — Baridi ikirudi tunaziba nayo madirisha ya Jakobsberg nzima. Ya Hässelby pia! Dada, wewe si mpishi, wewe ni kiwanda.

Walicheka mpaka muuza maua akageuka. Mimi sikucheka, nao wakaanza kuona kwamba sicheki.

— Mama amekataa kuja miaka sita — nilisema. — Miaka sita anasema, huko nitakula nini? Halafu kila Jumapili ananipigia. Haulizi masomo, haulizi kazi. Anauliza, umekula nini? Nami namjibu, ugali na dagaa. Ndiyo, mama, nakula vizuri. Akisikia hivyo ndipo anaaga.

— Na ulikuwa unakula? — aliuliza Akeyo, polepole.

— Mara nne.

— Kwa mwezi?

— Kwa miaka sita. Mbili kati ya hizo, kwa Papa Édouard.

Mzee Yassir alifunga chupa ya kahawa bila sababu.

— Leo jioni ataingia jikoni kwangu afungue kabati — niliendelea. — Unga hamna. Dagaa hamna. Mwiko nilionao ni huu hapa, na hautoki. Ataniuliza, Dativa, siku zote hizo ulikuwa unaniambia nini?

Hapo kijiwe kilifanya kile kinachofanya kikikuonea huruma. Kilitunga njama.

— Mimi namjua mtu Hässelby ana unga — alisema Akeyo. — Nitaenda nimwombe, tuchafue sufuria mbili tatu, jiko lionekane lina historia.

— Na mimi nitampokea uwanjani — alisema Waziri. — Nitamwonyesha korido zote ninazosafisha, moja moja. Ziko mingi. Atafika kwako kesho.

— Vizuri — Mzee Yassir alitikisa kichwa. — Mficha uchi hazai. Kwa hiyo ficha kabisa, binti, usifiche nusu.

— Mzee, hiyo maana yake ni kinyume! — Akeyo alipiga benchi.

— Kinyume cha nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akishapewa jembe atapata wapi muda wa kufungua kabati?

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja kijana mwenye gari la mtoto. Tulidhani anasubiri basi tu na haelewi tunachosema.

— Samahani — alisema. — Naitwa Maombi, natoka Bujumbura, nina wiki tatu tu hapa. Nauliza tu. Mama mwenyewe, mmemuuliza anataka kula nini?

Mzee Yassir aligeuza paketi upande wa pili, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Akeyo alinitazama mimi. Mimi nilitazama simu.

Mama alikuwa Istanbul, akisubiri ndege ya pili. Nilirekodi ujumbe wa sauti.

— Mama, shikamoo. Ukifika, ungependa kula nini?

Mzee Yassir alimimina kahawa iliyobaki, nusu kikombe, akampa Maombi. Kisha simu ikalia. Nilibonyeza, na watu wanne na mtoto mmoja wakainama.

“Marahaba, mwanangu. Wanatuita tupande, nasema haraka. Usinipikie ugali. Ugali nimeuacha nyumbani, upo, hauna miguu. Nataka kile unachokula wewe tukiongea Jumapili. Unaniambia ugali, na mimi nasikia kra, kra, kra, kama mbuzi kwenye mabua. Miaka sita! Ugali gani unalia, Dativa? Kama ni kitamu, kwa nini unaninyima? Na kama ni kibaya, basi tukile wawili. Haya, natembea.”

Akeyo ndiye aliyewahi kuuliza.

— Kwani ni nini hicho?

— Mkate mkavu — nilisema. — Ule wa mviringo, wenye tundu katikati. Na yai la kuchemsha.

— Kila Jumapili?

— Kila Jumapili.

— Sasa unangoja nini? — Waziri alinisukuma begani. — Duka liko wazi. Chukua mbili. Mama huyo ana masikio, lazima ana na meno.

Niliondoka nikikimbia, jambo ambalo silifanyi mbele za watu. Nyuma yangu nilimsikia akigawa kazi: Maombi ashike sufuria, Breki avute mwiko, Bwana Lebo ahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Mwiko haukutoka. Nikawaacha nao. Mkate ule hausongwi.