Geji Namba Kumi na Tisa

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mtoto wake wa pili, niwasomee maisha ya baba yetu, ambayo sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe kwa penseli, akatuonya tusipunguze kitu, hata pale panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, saa kumi na moja na robo alfajiri, na hiyo robo tusiichezee, maana aliigombania mpaka uzeeni, akiwa mtoto wa nne wa baba seremala na mama mkunga. Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, kisha akasomea ufundi wa vipimo kwa miaka miwili, akajifunza kupima joto, uzito, urefu na nguvu ya mvuke, na huko ndiko wenzake walikombandika jina la Nusu Milimita, kwa sababu hakukubali kwamba mlango umenyooka kabla hajauwekea pima maji.

Tarehe 3 Aprili 1973 aliajiriwa katika karakana ya kupima geji za boila, yaani zile za mviringo zenye mshale, zinazomwonyesha mwangalizi mvuke umefika wapi, asije akauzidisha boila likapasuka. Kila geji iliyoletwa ilifungwa kwenye bomba moja na geji mama, ambayo ndiyo iliyoaminiwa, ikarekebishwa mpaka zikalingana, kisha ikapigwa lakiri na kurudishwa kazini. Geji mama ilibebwa kwa mikono miwili, ikalazwa kwenye sanduku lenye pamba, na sheria ya karakana ilikuwa kwamba ikianguka, hata kutoka urefu wa shubiri moja, aliyeiangusha anasema papo hapo, na kazi inasimama mpaka ipimwe upya.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa mama yetu, mshona nguo, na wiki ileile wakagombana, kwa kuwa baba aligundua futi kamba ya mama imevutika, naye mama akamjibu kwamba wateja wake nao wamevutika, kwa hiyo wanatoshana. Walijaliwa watoto watatu, na wote tupo hapa.

Sasa nafika pale ambapo alituonya tusiparuke. Jumanne tarehe 6 Novemba 1984, saa tano asubuhi, akiwa peke yake karakanani, geji mama ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Aliiokota, kioo hakikuwa na ufa, mshale ulirudi kwenye sifuri vizuri tu, hakuna aliyeona, kazi zilikuwa zimelundikana, msimamizi alikuwa amekwisha kufoka asubuhi hiyo, na mama yetu alikuwa na mimba ya miezi tisa, basi baba, Mungu amsamehe, akanyamaza. Kwa siku tisa aliitumia kupimia geji ishirini na tatu, kila moja akiichonga namba yake nyuma, na anaandika kwamba siku zote hizo usingizi aliusikia kwa wenzake.

Tarehe 15 Novemba nilizaliwa mimi. Muuguzi alinipima uzito, kisha akanibeba kwenda kwenye mizani nyingine, na baba, roho juu, akamuuliza mtoto ana nini, akajibiwa, "Mtoto hana neno. Hii mizani iligongwa jana, na mimi sibahatishi na mtoto wa watu." Baba hakungoja hata kuambiwa nina kilo ngapi, alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wake, liwalo na liwe, akasema yote. Geji mama ilipopimwa ilikutwa inasoma nane wakati mvuke umefika kumi, maana yake geji zote ishirini na tatu zilikuwa zinawaambia waangalizi kwamba bado kuna nafasi, ilhali nafasi imekwisha.

Alisimamishwa kazi miezi mitatu, na miezi hiyo yote alikuwa njiani, akishirikiana na wenzake kuzisaka, zikapatikana ishirini na mbili. Iliyobaki, namba 19, ilikuwa ya kiwanda cha kufua mashuka, ambacho walikikuta kimefungwa, boila lake limeuzwa vipande vipande, na muuza vyuma hakukumbuka geji aliichukua nani.

Tangu hapo baba yetu aliishi na hofu, na sisi tuliirithi tukiwa bado wadogo, kwani tulikatazwa kupita nyuma ya jiko lolote la hoteli, na redio ikitaja mlipuko alikuwa anakaa chini pale alipo na kuuliza wangapi. Mara tatu alisafiri hadi palipopasuka boila, akapekua mabaki kwa mikono yake, hakuikuta, na mara zote tatu aliporudi mama alimvua viatu. Alistaafu Machi 2011, akagunduliwa maradhi ya figo tarehe 2 Februari 2023, akafariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, akiwa amemshika mama mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia akiwakagulia mashine zao, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao mpaka mwezi uliopita walikuwa bado wanampekulia majalada ya zamani.

Ukurasa wa mwisho aliutaka usomwe hapa, kwa sababu alijua mtakuwepo mafundi, wapishi, wafuaji na wauza vyuma, na anasema hivi: "Uso wake ni mweupe, upana wa kiganja, na namba 19 nimeichonga nyuma kwa mkono wangu. Ukiikuta kazini kwako, zima moto kwanza, maswali baadaye."

Chini ya hayo alituomba tusimwambie apumzike kwa amani kabla haijapatikana, na sisi wanawe tumekubaliana kumtii. Umechoka, baba, pumzika, na hiyo amani tunaendelea kuitafuta.