Shangazi Pamba na Mwanasesere Asiyeamshwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo sina mengi ya kuwachekesha. Shangazi Pamba hatunaye. Amefariki juzi asubuhi, nyumbani kwa mdogo wake, kwa maradhi ya figo. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Shangazi Pamba, yule mama wa chumba cha michezo katika wodi ya upasuaji ya watoto, amefariki.

Wengine mnajiuliza, chumba cha michezo hospitalini ni cha nini? Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kucheza, basi. Alishona wanasesere kwa mashuka yaliyochakaa, akawajaza pamba, ndipo jina likamganda. Mtoto anayesubiri kupasuliwa aliletwa kwake pamoja na wazazi. Mtoto ndiye daktari: anamvisha mwanasesere barakoa ya dawa ya usingizi, anampasua kwa kijiko, anamfunga bandeji. Mama ni nesi. Baba naye, mtu mzima na kitambi chake, anashika chupa ya dripu huku akikaripiwa na bosi wa miaka mitano! "Mtoto haogopi kisu," Shangazi Pamba alikuwa akisema, "anaogopa uso wa mama yake." Kwa hiyo aliwachezesha wote. Mwisho wa mchezo walipiga makofi, wakaita kwa pamoja, "Amka!" Na mwanasesere akaamka. Kila mara aliamka.

Kosa lilikuwa hapo, wasikilizaji wangu.

Siku moja aliletwa binti mwenye tundu kwenye moyo. Mcheshi, mdomo haukai. Alimwamsha mwanasesere yeye mwenyewe. Akaingia chumba cha upasuaji anacheka, anampungia mama yake mkono: "Nalala, halafu mnaniita!" Hakuamka. Narudia, ingawa inauma: mtoto yule hakuamka.

Mama yake alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha michezo. Akamnyakua mwanasesere, akamtupia Shangazi Pamba kifuani. "Wako ameamka! Wangu yuko wapi?"

Mdogo wa marehemu, fundi seremala, ameniambia: "Dada alikuja kwangu, akakaa jikoni. Chakula hakugusa. Akasema, 'Nimemwahidi mtoto wa watu kitu kisicho changu.' Nikamwambia, dada, ni kazi ya Mungu. Akanifokea! Akasema, 'Mungu hakupiga makofi. Nilipiga mimi.'"

Alirudi kazini, lakini mchezo aliubadilisha. Makofi akayafuta. Mtoto alimlaza mwanasesere, akamfunika, wakamwacha pale. Shangazi akiulizwa kama mtoto ataamka, alijibu: "Madaktari watajitahidi sana. Mimi na mama tutakuwa mlangoni." Kuna daktari wa upasuaji aliyemlalamikia kwamba anawatia wazazi mkosi. Wapi! Shangazi alikuwa mbishi, tusidanganyane.

Miaka ikapita. Mama wa yule binti akarudi wodini na mtoto wa pili, wa kiume. Ugonjwa uleule wa moyo. Bila upasuaji mtoto angekufa, daktari alimweleza wazi. Mama akakataa kutia sahihi. Akaongeza na sharti: "Yule wa midoli asimsogelee mwanangu." Shangazi Pamba akajifungia katika chumba cha michezo, hakutokeza hata pua. Huku nje mtoto anang'oa dripu, analia mpaka midomo inabadilika rangi. Kila akimtazama mama yake, analia zaidi.

Haya yanayofuata amenisimulia mama mwenyewe. Aligonga mlango wa chumba cha michezo, akiwa peke yake. Akasema, "Nichezeshe mimi kwanza."

Akamlaza mwanasesere. Akamfunika. Mkono wake ukaenda kwenye shuka, ukarudi. Akauliza, "Na asipoamka?"

"Asipoamka tutalia, mwanangu. Jibu jingine sina."

Mama akaangua kilio, kile alichokibana tangu amzike binti yake. Akalia mpaka basi. Kisha akanawa uso, akaenda kutia sahihi, akamleta mtoto acheze.

Kijana huyo yupo. Anachoka haraka, ngazi zinamshinda, lakini yupo.

Jana nilimkuta mama huyo msibani, amekaa nyuma kabisa. Nikamuuliza, kwa umbea wetu watangazaji, kama alishamsamehe marehemu. Akanitazama mpaka nikatafuta pa kuficha uso.

"Sijamsamehe," akasema. "Binti yangu bado yuko kaburini. Lakini mwanangu nilimkabidhi yeye amshike mkono mpaka mlangoni, kwa sababu wengine wote waliniambia atapona."

Pole sana fundi, kwa kuondokewa na dada. Poleni wauguzi wa wodi ile, na wazazi wote mliokaa naye kwenye benchi mkisubiri. Na wewe mama, pole mara mbili. Wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwako kuna mtoto anayekuuliza swali zito, na jibu huna. Usimkimbie, wala usimdanganye. Mwambie hujui, na mkono wake usiuachie. Mungu amrehemu Shangazi Pamba.