Alama Aliyoikataa Nives

Benchi lenyewe liko mbele ya stesheni, kwenye ule uwanja ambao nusu yake ni Gorizia ya Italia na nusu ni Nova Gorica ya Slovenia, na mpaka unapita chini yake kabisa, kiasi kwamba ukijinyoosha vibaya kichwa kinalala nchi moja na miguu nchi nyingine. Kahawa inatoka baa ya stesheni kwa Mama Rožica, ambaye huileta mwenyewe kwenye birika la shaba, akaimimina kwenye glasi ndogo, kisha akakaa na wateja wake kana kwamba yeye ndiye aliyealikwa. Upande wa Italia ni wa mzee Livio, mstaafu wa reli, ambaye kijiwe kinamwita Breki kwa sababu hakuna mazungumzo ambayo hajawahi kuyasimamisha. Katikati hukaa Gašper, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Tolmin, jina lake la kijiweni Kifungu, kwa kuwa ameusoma mkataba wa kozi yao jalada hadi jalada na hajapona mpaka leo. Na Jumatano hiyo, mwisho wa Septemba, pembeni ya Gašper alikaa Nives Makuc, begi miguuni, akisubiri treni ya saa kumi ya kuelekea Austria. Yeye kijiwe kilikuwa kikimwita Ishirini na Sita.

— Ishirini na Sita, kunywa kahawa, alisema mzee Livio. Uso umekukauka kama mtu anayepelekwa mahakamani.

— Nimeshakunywa ya kutosha, mzee.

— Ongeza. Huko uendako watakupa maji yenye rangi.

Mama Rožica alimjazia glasi mpaka juu bila kumuuliza. Nives aliiweka benchini, hakuigusa. Mkono wake ulikuwa juu ya bunda la karatasi za mitetemo, somo la mambo yote yanayotikisika, kuanzia madaraja hadi mashine, na karatasi hizo alikuwa amezishika tangu asubuhi bila kuzisoma. Kesho yake saa tatu alikuwa na mtihani wa mdomo, mara ya tatu na ya mwisho.

— Hebu nielezeni tena, alisema Mama Rožica. Kila mkinieleza naelewa kidogo kuliko jana.

Gašper alikaa sawa. Hakuna kilichomfurahisha kama kuombwa aeleze.

— Ni hivi, mama. Kozi moja, vyuo vitatu. Muhula huu Italia, unaofuata kwetu Slovenia, halafu Austria, halafu unazunguka tena mpaka kichwa kikuume. Nives alifanya mtihani wa mitetemo huku Italia. Profesa akampa ishirini na sita kati ya thelathini.

— Mbaya?

— Nzuri tu. Akaikataa.

— Akaikataaje? Alama inakataliwa kama samaki aliyeoza?

— Huku kwetu inakataliwa, mama, alisema Nives. Profesa anakuuliza kabisa, unaikubali? Ukisema hapana, anafuta, unarudi baadaye kujaribu tena. Kila mtu anafanya hivyo. Dada yangu alikataa mpaka akapata thelathini, na leo hakuna anayejua kama aliwahi kukataa.

— Sasa tatizo liko wapi?

— Kifungu cha kumi na nne, alisema Gašper kwa heshima.

— Haya, kimefika, aliguna mzee Livio.

— Kinasema, mwanafunzi aliyefanya mtihani na hana alama, amefeli. Basi. Kwetu huwezi kukataa alama, Austria ndiyo kabisa, ukiwaambia umekataa watakupima homa. Kwa hiyo ule wa Italia ukahesabiwa kufeli. Na mitihani inakufuata uliko, sivyo? Muhula uliofuata alikuwa kwetu. Akarudia kwa Kislovenia.

— Na huo nikafeli kweli, alisema Nives.

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida. Kuona aibu nako kunachosha, na yeye alikuwa ameshachoka nako. Bibi yake alikuwa Mslovenia, lakini Kislovenia cha bibi kilikuwa cha supu ya maharage na cha kumwita paka. Hakikuwa na neno hata moja la kuelezea jengo linalotikisika.

— Na wa kesho? aliuliza Mama Rožica.

— Ukifeli mara tatu unatoka, alisema Gašper. Vyuo vyote vitatu, siku moja. Miaka minne yote inabaki picha.

Mzee Livio alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari.

— Mimi nawaambieni, alianza, na kijiwe kikajua breki imeachiwa. Hii kozi ilibuniwa na watu wa reli. Nimefanya kazi huko, nawajua. Mabehewa yalikuwa yanakwenda matupu. Wakakaa wakaulizana, nani tutampakia? Mfanyabiashara ana gari. Mtalii anakuja kiangazi tu. Wakasema, tukamateni watoto wa watu, tuwaambie shahada moja lakini kila kipande kiko nchi yake. Mmewaona wanavyohama na masufuria?

— Masufuria ni kweli, alisema Nives.

Sufuria lake lilikuwa ndani ya begi wakati huo huo, limefungwa ndani ya taulo. Tangu aanze kozi hii hakuwahi kulala chumba kimoja muda wa kutosha kujua ngazi ipi inalia.

— Si reli, alisema Mama Rožica. Ni ndoa. Wanazuia watoto wasioane. Unampenda mtu Novemba, Februari yuko Austria. Unampenda wa Austria, Septemba yuko hapa anakunywa kahawa yangu na kulia. Huyu Gašper ameachwa kwa simu mara ngapi?

— Mama, hilo halihusiani na mkataba.

— Nakuuliza.

— Hilo si la kijiweni.

— Umeona? Kifungu hicho hakipo.

Nives alicheka kidogo, na kicheko kilimshangaza mwenyewe. Lakini Gašper, akiwa ameguswa pabaya, naye alitoa la kwake.

— Mimi nina wazo langu, ila msilitoe nje ya benchi hili. Maprofesa wa mitetemo ni mtu mmoja.

— Mmoja vipi?

— Mmoja. Huyu wa Italia ana ndevu, wa kwetu ana miwani, wa Austria ana vyote viwili. Mmewahi kuwaona pamoja? Barua pepe ukimwandikia yeyote, jibu linakuja Ijumaa jioni. Anapanda treni hiyo hiyo anayopanda Nives, anabadilisha miwani kwenye handaki.

— Basi Ishirini na Sita kesho amwambie tu, profesa, sasa naikubali ile alama, alisema mzee Livio. Kama ni yule yule, atakumbuka.

— Atakataa yeye safari hii, alisema Nives.

Hapo mzee Livio aliweka glasi chini, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekaa na jambo muda mrefu.

— Nyie mnacheka. Nawaambieni sababu yenyewe. Wanatengeneza wahandisi wasio na mwenyewe. Subirini muone. Daraja likija kuanguka, Italia itasema, aliyelichora tulimfundisha mwaka mmoja tu. Slovenia itasema, kwetu alisomea mabomba. Austria itasema, alipofika kwetu alikuwa ameshaharibika. Watu wako mtoni, na mwenye kosa hayupo nchi yoyote.

— Mzee, unanitia nuksi, alisema Nives. Mtihani ni kesho.

— Sikusema wewe, binti yangu. Nimesema daraja.

— Daraja nitalichora mimi.

— Ndiyo, sasa kama utapita.

Maneno hayo yalimtoka bila ubaya, lakini yalishatoka. Mama Rožica alimkata jicho. Nives aliangalia reli. Alimfikiria baba yake, fundi bomba, ambaye alishamwambia kinyozi, na mwuza mikate ya burek, na padri, kwamba binti yake atakuwa mhandisi wa nchi tatu. Siku aliporudi na habari ya ile ishirini na sita, baba yake alimpiga begani akasema umefanya vizuri, kwa nini uridhike na kidogo? Wote wawili waliamini hivyo. Kilichomuuma hasa hakikuwa kufeli. Ni kwamba siku ile alikataa kwa raha, kama mtu anayekataa kipande cha pili cha keki, na hata hakuwa na njaa ya hiyo thelathini. Alikataa kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya.

Treni iliingia ikitokea milimani, mabehewa mawili yaliyochorwa rangi kuanzia magurudumu hadi madirishani. Huwa inalala pale kidogo kabla ya kugeuza, injini ikinguruma. Abiria walishuka wachache. Wa mwisho alikuwa msichana mwenye sanduku kubwa kuliko yeye, akatazama uwanja, akatazama simu, akatazama tena uwanja.

— Samahanini, alisema kwa Kiitaliano cha kukariri. Italia iko wapi?

— Umeikalia nusu ukikaa hapo, alisema mzee Livio na kumsogelea Gašper. Karibu.

Aliitwa Theres, ametoka Villach, mwaka wa kwanza, kozi hiyo hiyo ya uhandisi wa vyuo vitatu. Gašper alitazama sanduku lake kwa huruma.

— Umeleta sufuria? aliuliza Nives.

— Hapana. Nilete?

— Utanunua. Usinunue zito.

Mama Rožica aliinamisha birika. Ilitoka nusu glasi, kisha matone, kisha mashapo.

— Kahawa ndiyo imeisha, mwanangu. Nusu hiyo hiyo, pole.

Theres alishukuru, akaiweka glasi yake benchini, karibu na ile ya Nives iliyojaa ambayo haikuguswa, mpaka ukipita kati ya hizo mbili. Gašper alianza kumweleza mgeni kifungu cha kumi na nne, akafika mbali, hata mzee Livio akashindwa kumsimamisha. Theres alitikisa kichwa kwa adabu. Lakini hakuwa akimtazama Gašper. Alikuwa akitazama benchi.

— Samahani, alisema. Mbona hii inatetemeka na ile imetulia?

Wote wakainama. Ni kweli. Injini ya treni ilikuwa ikinguruma nyuma yao, na kahawa kwenye glasi ya nusu ilikuwa imejaa vikunjo vidogo, vinazunguka, vinarudi. Kwenye glasi iliyojaa uso wa kahawa ulikuwa shwari kabisa. Glasi zilikuwa sawa, benchi moja, kiganja hakipiti kati ya glasi hizo.

— Hiyo iko upande wa Slovenia, alisema mzee Livio upesi. Huku kwetu mambo yametulia.

Theres alizibadilisha mahali. Glasi ya nusu ikaja Italia, ikaendelea kutetemeka. Iliyojaa ikaenda Slovenia, ikakaa kimya.

Mzee Livio alizisogelea glasi zaidi. Miaka yote amekaa kwenye benchi hilo mbele ya treni hiyo.

— Mimi nauza tu, alisema Mama Rožica.

Theres alimgeukia Gašper. Gašper alijikuna shingo.

— Kwenye mkataba hakuna, alisema.

Basi macho yote yakaja kwa Nives. Ndiye aliyekuwa na bunda la karatasi mkononi, na juu ya bunda, kwa herufi kubwa, kulikuwa na neno mitetemo kwa Kiitaliano, Kislovenia na Kijerumani. Alijua ukurasa. Alijua milinganyo mitatu ya ukurasa huo na herufi za Kigiriki zilizomo, angeweza kuitaja akiwa usingizini kwa lugha yoyote kati ya hizo. Aliziangalia glasi mbili. Akajaribu kuipata ile milinganyo humo ndani ya kahawa, hakuiona.

— Sijui, alisema.

Mlinzi wa treni alipiga filimbi. Gašper alimnyanyulia begi. Nives alisimama, kisha akainama tena, akachukua glasi zote mbili, moja kila mkono.

— Hizo ni za baa, alisema Mama Rožica.

— Nitarudisha, mama.

— Na kahawa yangu? aliuliza Theres.

— Nitakuletea ya Austria.

— Maji yenye rangi, alisema mzee Livio, lakini polepole.

Nives alipanda akijishikiza kwa kiwiko, Gašper akimsukumia begi kwa nyuma. Alikaa dirishani, akaziweka glasi kwenye kile kimeza kidogo, akasahau kuwapungia mkono. Kwenye benchi waliona kisogo chake tu. Treni ikavuta, ikavuka makutano, ikaanza kushika mwendo kuelekea milimani. Karatasi zilimteleza zikaanguka sakafuni, naye akaziacha huko. Alikuwa amechoka vilevile, mgongo unamuuma vilevile, na kesho saa tatu ilikuwa palepale.

Injini ilipobadili sauti, kahawa ya nusu ikatulia. Ikatulia kabisa, kama imezimwa. Na ile iliyojaa, iliyokuwa imekaa kimya muda wote huo, ikaanza kutetemeka mpaka ikamwagikia magoti yake.

Nives hakujifuta. Aliinywa kidogo ile iliyojaa, akairudisha mezani, akasubiri kuona kama bado itatetemeka. Kisha akaanza kupapasa mfukoni kutafuta kalamu.